Nahodha awe mmoja: kujenga mfumo wa matukio wenye nyuzi nyingi bila migongano

Boti ilikuwa na nafasi 20 na jaketi 20 za kuokolea maisha. Tiketi zilizouzwa zilikuwa 21. Ilikuwa asubuhi ya wiki ya Maulidi, gati la Mokowe limefurika watu wanaovuka kwenda Lamu, na mfumo wa kuuza tiketi ulikuwa kazi ya mikono yangu. Mwenye boti alinipigia simu, sauti yake ya upole: "Mwanangu, hesabu yako imenipa mtu wa 21. Huyu mama ana risiti kama wenzake. Nimwambie nini?" Nilimwomba radhi mzee wangu, mama akapandishwa boti iliyofuata, nami nikakaa na kompyuta hadi alasiri nikitafuta kosa ambalo nyumbani, nikijaribu peke yangu, halikuwahi kutokea hata mara moja.

Lilikuwa hivi. Ombi la kwanza lilitoka kwa karani aliyesimama gatini. La pili lilitoka kwenye simu ya abiria aliyekuwa bado ndani ya basi la Mombasa, anaikaribia Mokowe. Maombi yote mawili yaliingia kwenye seva kwa nyuzi mbili tofauti, yakapishana kwa milisekunde 3. Uzi wa kwanza ukauliza: zimebaki nafasi ngapi? Moja. Kabla haujapunguza hesabu, uzi wa pili nao ukauliza, ukajibiwa moja. Kila mmoja ukauza.

Niliuandika upya mfumo ule, na hatua zilizo hapa chini ndizo ninazofuata hadi leo. Mifano ni ya Java kwa sababu ndiyo ninayoitumia kila siku, lakini hoja zenyewe hazina lugha. Nachukulia kwamba msomaji ameshaandika programu na anajua uzi ni nini: mkondo mmoja wa utekelezaji, unaoshiriki kumbukumbu ileile na nyuzi wenzake. Tukio ni habari kwamba jambo limeshatokea: tiketi imeuzwa, malipo yameingia, boti imejaa. Msikilizaji ni kipande cha msimbo kilichoomba kuambiwa habari hiyo ikitokea.

Hatua ya 1: Chora ni uzi upi unagusa nini

Usifungue kompyuta kwanza. Chukua karatasi, upande mmoja uorodheshe nyuzi zote za programu yako, upande wa pili data zote zinazobadilika. Kisha chora mistari. Mimi nilikuwa na nyuzi za maombi ya mtandao (nyingi, seva huziongeza na kuzipunguza yenyewe), uzi wa kupokea taarifa za malipo, uzi wa saa unaoachilia nafasi zilizoshikwa dakika 5 bila kulipiwa, na uzi wa kuandika kwenye ubao wa gatini. Data zilikuwa tatu: idadi ya nafasi za kila boti, orodha ya wasikilizaji, na jumla ya mauzo ya siku.

Kila data yenye mistari miwili au zaidi ni mahali pa hatari. Nilipomaliza kuchora, idadi ya nafasi ilikuwa na mistari minne. Nilikuwa nimeilinda sehemu moja tu.

Ukiwa bado na karatasi, kumbuka kwamba hatari ni za aina mbili. Ya kwanza ni kuingiliana. Mstari mfupi kama `zimebaki--` unaonekana tendo moja, lakini ni matendo matatu: kusoma, kupunguza, kuandika, na uzi mwingine unaweza kujipenyeza katikati. Ya pili ni kuonekana, na hii watu wengi hawaijui mpaka iwaume. Uzi mmoja ukiandika thamani mpya, hakuna ahadi kwamba uzi mwingine utaiona, maana prosesa huweka nakala zake na kompaila hupanga upya maagizo. Ahadi hupatikana pale tu nyuzi mbili zinapounganishwa na kitu kinachoeleweka na lugha: kufuli (linaloruhusu uzi mmoja tu kuingia kwa wakati), kigeu kilichotangazwa `volatile` (thamani yake mpya huonekana na nyuzi zote), au foleni salama (iliyotengenezwa kutumiwa na nyuzi nyingi kwa pamoja). Kanuni hizi ziliandikwa upya na kunyooshwa katika Java 5, mwaka 2004, na kabla ya hapo hata wataalamu walikuwa wanabishana juu yake.

Hatua ya 2: Tukio lisibadilike likishazaliwa

Tukio litapita mikononi mwa nyuzi kadhaa. Likiwa linaweza kubadilishwa, umewapa wote kalamu moja na daftari moja. Tangu Java 16 kuna njia fupi:

```java
public record TiketiImeuzwa(String namba, String boti,
                            int zimebaki, Instant saa)
        implements Tukio {}
```

Tazama kwamba nimeweka jina la boti na idadi iliyobaki wakati ule. Sikuweka kitu chenyewe cha boti. Ukiambatisha boti hai kwenye tukio, msikilizaji atakayelisoma baadaye ataona hali ya wakati anaosoma, wala si hali ya wakati tiketi ilipouzwa, na ripoti zako zitapishana kila siku. Na kama tukio lina orodha ndani yake, inakili kwa `List.copyOf`, kwa sababu aina hii ya rekodi inafunga mlango wa nje lakini haizuii mtu kuibadilisha orodha aliyokupa.

Hatua ya 3: Linda orodha ya wasikilizaji

Hapa ndipo wanaoanza hujikwaa. Uzi mmoja unaipitia orodha ukimwambia kila msikilizaji, mwingine unaongeza au kuondoa msikilizaji kwenye orodha hiyohiyo. Ukitumia `ArrayList` ya kawaida, bahati nzuri ni kwamba utapata `ConcurrentModificationException` na programu ipige kelele. Bahati mbaya ni kwamba mara nyingine haipigi kelele yoyote, msikilizaji mmoja anarukwa tu.

Kwa wasikilizaji wachache wasiobadilika mara kwa mara, tumia orodha inayojinakili kila inapobadilishwa:

```java
private final List<Msikilizaji> wasikilizaji =
        new CopyOnWriteArrayList<>();

public Runnable sajili(Msikilizaji m) {
    wasikilizaji.add(m);
    return () -> wasikilizaji.remove(m);
}
```

Anayepitia orodha hupewa picha ya wakati ule, na mabadiliko yanayokuja hayamgusi. Kusajili kunarudisha kitendo cha kujiondoa. Mpe anayejisajili akitunze. Msikilizaji aliyesahauliwa hukaa kwenye kumbukumbu milele, na skrini zilizokwisha kufungwa zinaendelea kupokea habari.

Picha hiyo ina bei yake, nayo ni hii: msikilizaji anaweza kuitwa baada ya kujiondoa, kwa kuwa tangazo lilikuwa limeshaanza. Wanaoandika C# wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine, pale wanapoulizia kama kuna msikilizaji, wanaambiwa yupo, na kabla hawajamwita ameshaondoka. Kwao dawa ni kulinakili tukio kwenye kigeu cha ndani kabla ya kuuliza. Lakini dawa hiyo inazuia programu kuanguka tu, mwito wa kuchelewa unabaki palepale. Kwa hiyo kila msikilizaji aandikwe kwa namna kwamba akiitwa akiwa ameshajifunga, anarudi kimya bila kugusa kitu.

Jambo jingine dogo: usijisajili ukiwa ndani ya kijenzi (constructor), yaani kabla kitu hakijakamilika kujengwa. Uzi mwingine unaweza kukiita kikiwa nusu. Jenga kwanza, sajili baadaye.

Hatua ya 4: Usiite msimbo wa mwingine huku umeshika kufuli

Kama msomaji ana muda wa kushika hatua moja tu, ashike hii.

Anayeijua Lamu anajua vichochoro vyake. Punda wawili waliobebeshwa mifuko ya mchanga wakikutana uso kwa uso kwenye kichochoro chembamba, hakuna anayepita. Mtaani, mwenye punda mmoja humrudisha wake nyuma mpaka kwenye njia panda. Nyuzi hazina mwenyewe wa kuzirudisha. Uzi wa kwanza umeshika kufuli la boti na unasubiri kufuli la ubao. Uzi wa pili umeshika kufuli la ubao na unasubiri kufuli la boti. Zitasubiriana mpaka mtu azime seva. Huo ndio mkwamo.

Tatizo la matukio ni kwamba humjui unayemwita. Msikilizaji wako wa leo anaandika kwenye ubao. Wa kesho, aliyeandikwa na mwenzako, atachukua kufuli lake, kisha atakuuliza wewe zimebaki nafasi ngapi. Ukiwa umemwita huku umeshika kufuli la boti, wewe ndiye uliyempeleka kichochoroni.

Na usidhani uangalifu peke yake unatosha. Mwaka 2000, timu ya Edward A. Lee pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilianza kuandika mfumo wenye nyuzi nyingi, na ikajitahidi kweli: muundo ulipitiwa, msimbo ukakaguliwa, majaribio yakagusa kila mstari. Ukafanya kazi vizuri. Tarehe 26 Aprili 2004, baada ya miaka 4, ukakwama. Baadaye Lee alipoeleza ugumu wa nyuzi, mfano aliouchagua ulikuwa huuhuu wa kusajili wasikilizaji na kuwatangazia mabadiliko. Nilipousoma nilijiona mimi, siku ile ya Mokowe.

Basi njia ya kawaida ni hii: shika kufuli, badilisha data, tengeneza tukio, achia kufuli, ndipo utangaze. Mkwamo wa aina ile hautatokea tena.

Ila njia hii inafungua mlango mwingine, na ni mfano wa Lee huohuo unaoonyesha. Uzi wa kwanza umebadilisha idadi kuwa 5, umeachia kufuli, haujatangaza. Uzi wa pili umebadilisha kuwa 4, umeachia, umetangaza 4. Sasa wa kwanza unatangaza 5. Hesabu ndani ya seva ni 4, lakini ubao wa gatini unaonyesha 5 na utabaki hivyo mpaka tiketi nyingine iuzwe. Abiria aliyesimama mbele ya ubao haoni seva, anaona ubao. Unaweza kuyapa matukio namba za mfuatano, na msikilizaji akatupa lenye namba ndogo kuliko aliyokwisha kuipata. Inafaa kwa ubao, unaohitaji hali ya mwisho tu. Haifai kwa daftari la mauzo, linalohitaji kila tukio.

Hatua ya 5: Weka foleni moja, na nahodha mmoja

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wahenga hawakuwa na habari za kompyuta, lakini suluhisho lililotuliza mfumo wangu ndilo hilo: data ya boti inaguswa na uzi mmoja tu. Wengine wote wanaomba.

Fikiria nyumba ya mawe ya Lamu. Mgeni hasukumi mlango akaingia hadi ndani. Anapiga hodi, anakaa kwenye daka, juu ya baraza ya mawe, mpaka mwenyeji atoke amsikilize. Wageni kumi wakija kwa pamoja, wote watakaa dakani, na ndani ya nyumba hakuna fujo. Foleni yangu nimeipa jina hilohilo:

```java
private final BlockingQueue<Ujumbe> daka =
        new ArrayBlockingQueue<>(500);

public boolean pokea(Ujumbe u) throws InterruptedException {
    return daka.offer(u, 2, TimeUnit.SECONDS);
}

private void nahodha() {
    try {
        while (true) {
            Ujumbe u = daka.take();
            if (u == Ujumbe.MWISHO) return;
            tekeleza(u);
        }
    } catch (InterruptedException e) {
        Thread.currentThread().interrupt();
    }
}
```

Ndani ya `tekeleza` hakuna kufuli hata moja. Nahodha anasoma nafasi zilizobaki, anauza au anakataa, anatangaza, kisha anachukua ujumbe unaofuata. Karani wa gatini na abiria wa basini wakifika pamoja, mmoja atatangulia dakani, na wa pili ataambiwa boti imejaa. Mfuatano wa matukio nao unalindwa bila jasho, maana anayetangaza ni mmoja.

Mambo manne ya kuangalia hapa, na yote nimeyalipia kwa usiku wa kukesha.

Foleni iwe na kikomo. Foleni isiyo na kikomo huonekana ya ukarimu, lakini siku ya msongamano inakula kumbukumbu yote na seva inaanguka na kila kilichomo. Namba 500 ni yangu, pima yako. Daka likijaa, `pokea` inarudisha `false` baada ya sekunde 2, na hapo mwambie abiria ajaribu tena. Jibu la kukataa lililo wazi ni heshima kwake kuliko skrini inayozunguka bila mwisho.

Nahodha asiweke ujumbe kwenye daka lake mwenyewe kwa kusubiri. Daka likiwa limejaa, atakuwa anasubiri nafasi ambayo ni yeye tu anayeweza kuifungua. Kazi inayozaliwa katikati ya kazi iwekwe kwenye orodha ya ndani, aimalize kabla ya kurudi dakani.

Jibu kwa muombaji lipitie ahadi, yaani chombo kitupu anachokishika muombaji mpaka jibu litiwe ndani, kwa mfano `CompletableFuture` iliyobebwa ndani ya ujumbe. Lakini jihadhari: nahodha anapoitimiza ahadi, kazi iliyofungwa nyuma yake kwa `thenAccept` inaweza kutekelezwa na nahodha mwenyewe, palepale. Niliwahi kumkuta nahodha wangu anatuma ujumbe mfupi wa simu kwa abiria, mmoja baada ya mwingine, huku foleni imesimama. Tumia `thenAcceptAsync` na umpe kundi la nyuzi la pembeni.

Msikilizaji mzito apewe foleni yake. Kuchapisha tiketi, kuandika kwenye hifadhidata, kuita mtandao, vyote hivyo vinasubiri kitu cha nje. Kwa nahodha, msikilizaji wa aina hiyo afanye jambo moja tu: aliweke tukio kwenye foleni yake, kisha arudi.

Hatua ya 6: Kosa la mmoja lisiwanyamazishe wote

```java
private void tangaza(Tukio t) {
    for (Msikilizaji m : wasikilizaji) {
        try {
            m.sikia(t);
        } catch (RuntimeException kosa) {
            andikaKosa(m, t, kosa);
        }
    }
}
```

Bila ngao hiyo, msikilizaji wa tatu akianguka, wa nne na wa tano hawaambiwi, na pengine uzi wa nahodha wenyewe unakufa. Uzi uliokufa haupigi ukelele. Programu inaonekana hai, inajibu, lakini hakuna kinachofanyika.

Hali kama hiyo imewahi kuleta madhara makubwa. Tarehe 14 Agosti 2003, kwenye chumba cha kuongozea umeme cha kampuni moja ya Ohio, Marekani, michakato miwili iligusa data moja kwa wakati mmoja na kuiharibu. Programu ya kushughulikia matukio ya tahadhari ikaingia kwenye mzunguko usiokwisha. Matukio yasiyoshughulikiwa yakarundikana mpaka seva kuu ikaanguka, kisha ile ya akiba. Kwa zaidi ya saa nzima wafanyakazi waliangalia skrini zilizotulia wakidhani mambo ni shwari. Watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walibaki bila umeme.

Ndiyo maana nahodha wangu anaandika saa kila anapomaliza ujumbe, na uzi wa pembeni unaangalia: kama daka lina wageni na nahodha hajaandika saa kwa sekunde 10, simu yangu inalia.

Pia tarajia tukio lilelile kufika mara mbili. Taarifa za malipo zinazopita mtandaoni hurudiwa mtumaji asipopata jibu kwa wakati, na kwenye visiwa vyetu mtandao huja na kuondoka. Weka namba ya muamala, na nahodha akumbuke alizokwisha kuzishughulikia. Kwa kuwa ni yeye peke yake anayeuangalia ukumbusho huo, hauhitaji kufuli.

Hatua ya 7: Funga kwa utaratibu

Kuna wanaofunga programu kwa kuua nyuzi tu, na tiketi zilizolipiwa zikapotelea dakani. Kwanza kataa maombi mapya. Kisha weka `Ujumbe.MWISHO`, ambao nahodha akiufikia anajua waliotangulia wote wameshahudumiwa. Msubiri amalize, kwa `join` yenye muda maalumu. Mwisho funga foleni za wasikilizaji wazito, halafu hifadhidata. Ukiigeuza ratiba hii, kuna atakayejaribu kuandika kwenye kitu kilichofungwa.

Hatua ya 8: Jaribu kwa msongamano

Jaribio la uzi mmoja halitakuonyesha lolote. Tengeneza boti ya nafasi 20, anzisha nyuzi 200, zizuie zote kwa `CountDownLatch` yenye hesabu ya 1, kisha zifungulie kwa pamoja. Usihesabu mauzo peke yake. Angalia kweli tatu: tiketi zilizotolewa ni 20 kamili, waliokataliwa ni 180, na namba za `zimebaki` kwenye matukio zinashuka kutoka 19 hadi 0 bila kuruka wala kurudi nyuma. Rudia mara elfu moja, kwenye mashine ambayo prosesa yake ina viini (cores) vingi, na mara nyingine weka msikilizaji anayelala milisekunde chache bila mpangilio, maana makosa haya hupenda kujificha mashine inapokuwa na nafasi. Kupita hata mara elfu hakuthibitishi usalama. Kushindwa mara moja kunathibitisha kosa, kwa hiyo usikubali neno "lilitokea mara moja tu".

Ndani ya kila kitendo kinachogusa data ya boti niliongeza ukaguzi: kama uzi unaotekeleza si nahodha, tupa kosa papo hapo. Mstari huo mmoja umeninasia makosa mengi kuliko majaribio yote niliyoandika.

Na mfumo ukikwama kwenye seva halisi, usikimbilie kuuzima na kuuwasha. Endesha `jstack`, zana ya Java inayoonyesha kila uzi uko wapi, ukiipa namba ya mchakato, hifadhi inachotoa, subiri sekunde 10, rudia. Nyuzi zikiwa zimekwama kwenye makufuli, yenyewe itakuandikia ni uzi upi unamsubiri nani. Nyuzi zote zipe majina yanayosomeka tangu mwanzo, `nahodha`, `malipo`, `ubao`, ili saa saba ya usiku usilazimike kukisia `Thread-14` ni nani. Ukishaziweka nakala zote mbili, ndipo uiwashe upya seva ili watu wavuke.